Upepo Uliotangazwa na Upepo Uliofika Paani

Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1992, kimbunga Andrew kilivuka pwani ya kusini mwa Florida, Marekani. Katika saa chache kilibomoa nyumba zaidi ya 25,000 na kuharibu nyingine zipatazo 100,000. Huko Homestead na katika vitongoji vya kusini mwa Miami, mitaa mizima ilibaki bila mapaa. Wahandisi, wakaguzi wa bima na viongozi wa serikali waliofika baadaye walikuwa na swali moja: upepo uliopita juu ya nyumba hizi ulikuwa na kasi gani? Hakuna aliyeweza kujibu kwa uhakika. Vipimaupepo vingi vilikuwa vimevunjika au kukatikiwa umeme kabla ya kilele. Hata rada ya Kituo cha Taifa cha Vimbunga, iliyosimama juu ya jengo lake Coral Gables, iling'olewa na upepo uleule iliokuwa ikiufuatilia.

Kwa miaka kumi Andrew kiliandikwa kuwa kimbunga cha daraja la 4, chenye upepo wa takriban kilomita 233 kwa saa. Mwaka 2002 wataalamu walipitia upya kumbukumbu zake na kukipandisha hadi daraja la 5, kwa upepo wa takriban kilomita 265 kwa saa. Wakati huo nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kujengwa upya, fidia zimelipwa, na kanuni za ujenzi zimekwisha kuandikwa.

Kwa mwenye nyumba, suala hili si la wanasayansi peke yao. Kama upepo ulizidi kiwango ambacho nyumba ilitakiwa kuhimili, basi kanuni za ujenzi ndizo zilizopungua. Kama haukufikia kiwango hicho na nyumba ikaanguka, basi fundi, mkandarasi na mkaguzi aliyetia saini wana la kujibu. Pasipo kipimo, majibu yote mawili yanawezekana, na kila mhusika huchagua linalomfaa. Ndiyo maana kupima upepo pale nyumba zilipo, kwenye kimo cha mapaa, ni sehemu ya ujenzi kama zilivyo saruji na misumari. Kipimo hicho ndicho kinachotofautisha balaa lisilozuilika na uzembe uliofichwa nyuma ya balaa.

Nambari ya daraja inasema nini

Madaraja ya vimbunga yanayotajwa katika habari yanatokana na kipimo cha Saffir na Simpson. Herbert Saffir alikuwa mhandisi wa majengo, Robert Simpson mtaalamu wa hali ya hewa, na kipimo chao kilianza kutumika miaka ya 1970. Daraja la 1 linaanzia kilomita 119 kwa saa, na la 5 kilomita 252 kwa saa. Kasi hiyo ni wastani wa dakika moja, kwenye kimo cha mita 10, mahali pa wazi, katika sehemu kali kuliko zote za kimbunga.

Kila sharti kati ya hayo linaitenganisha nambari na nyumba ya mtu. Kwanza, sehemu kali kuliko zote ni kipande chembamba cha ukuta unaolizunguka jicho la kimbunga, na mara nyingi kiko baharini au kwenye ukanda mwembamba wa ufukwe. Kimbunga kinaweza kutangazwa kuwa cha daraja la 4 huku wengi waliokumbwa nacho wakipata upepo wa daraja la 1 au la 2. Mwenye nyumba ambaye paa lake lilisalimika huamini kuwa limeshinda daraja la 4, na imani hiyo huenda ikamgharimu safari ijayo.

Pili, wastani hubadilika kulingana na muda unaopimwa. Wamarekani hutumia dakika moja. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linapendekeza dakika kumi, na hicho ndicho kipimo cha kituo cha La Réunion kinachofuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Wahandisi wa majengo wa Marekani, tangu kanuni zao za mwaka 1995, hutumia mapigo ya sekunde tatu, yaani kilele cha ghafla cha upepo, kwa kuwa paa hung'olewa na pigo la sekunde chache. Kimbunga kilekile, saa ileile, kitatoa nambari tatu tofauti, na anayezilinganisha bila kuuliza ni wastani wa muda gani hujidanganya.

Tatu, ardhi huupunguza upepo na kuuvuruga. Bahari ni laini. Miti, nyumba na vilima ni vizuizi. Upepo unapoingia nchi kavu, kasi yake ya wastani hupungua karibu na ardhi, lakini misukosuko huongezeka, hivyo tofauti kati ya wastani na mapigo hupanuka. Nyumba iliyo ufukweni na nyumba iliyozungukwa na miti kilomita chache kutoka pwani hazipati upepo mmoja.

Kupima kutoka juu

Kwa miongo mingi, kasi ya vimbunga vya Atlantiki imekadiriwa hasa na ndege zinazopenya ndani yake, mara nyingi kwenye kimo cha karibu mita 3,000. Lakini upepo wa kimo hicho si upepo wa chini, hivyo ilibidi kukisia uwiano. Wakati wa Andrew ilidhaniwa kuwa upepo wa chini ni asilimia 75 hadi 80 ya ule uliopimwa na ndege.

Mwaka 1997 vilianza kutumika vifaa vipya vinavyodondoshwa kutoka kwenye ndege vikiwa na vipokezi vya GPS. Kila kifaa hushuka kwa parachuti ndogo kikituma kasi ya upepo hadi kinapogusa bahari. Baada ya mamia ya vipimo hivyo ndani ya ukuta wa jicho, ilionekana kuwa uwiano wa kawaida unakaribia asilimia 90. Ugunduzi huo ndio uliobadilisha daraja la Andrew.

Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, ila yaliishia kwenye uso wa bahari. Kifaa kinachodondoshwa hupita mahali pamoja kwa sekunde chache tu. Hakiwezi kukaa mtaani saa sita kikiandika kila pigo linalofika kwenye kona ya paa.

Kosa dogo la kasi, kosa kubwa la nguvu

Umuhimu wa usahihi unatokana na kanuni moja ya fizikia: shinikizo la upepo huongezeka kwa mraba wa kasi. Upepo wa kilomita 120 kwa saa husukuma kwa takriban kilo 70 kwa kila mita ya mraba. Wa kilomita 180 husukuma kwa takriban kilo 156. Wa kilomita 240, ambao ni mara mbili ya ule wa kwanza, hufikia karibu kilo 280, yaani mara nne. Ukikosea kasi kwa asilimia 15, umekosea nguvu kwa karibu theluthi moja.

Nguvu hiyo pia haiisukumi nyumba kwa usawa. Upepo unapopanda juu ya ukingo wa paa huachana nalo, na hapo panatokea mfyonzo unaolivuta paa juu. Kwenye kona na kingo mfyonzo huo unaweza kuzidi mara mbili ya shinikizo la kawaida la upepo. Chukua ubao mmoja wa plaiwudi wa futi 4 kwa 8 kwenye kona ya paa la Florida, katika upepo wa kilomita 180 kwa saa: unaweza kuvutwa juu kwa nguvu inayozidi kilo 900. Kinachoushikilia ni misumari tu. Dirisha likivunjika au mlango wa gereji ukiingia ndani, upepo hujaa nyumbani na kulisukuma paa kutoka chini huku mfyonzo ukilivuta kutoka juu. Nyumba nyingi zilizoharibiwa na Andrew ziliharibika kwa njia hiyo, hatua kwa hatua, kuanzia mahali padogo palipolegea.

Uchunguzi uliofuata ulifichua mambo ya aibu: mbao za paa zilizopigiliwa misumari iliyokosa kenchi, pini za kubania mahali palipohitaji misumari, kuta za pembetatu za ubavuni zisizofungwa kwa chochote. Florida Kusini ilikuwa na kanuni zilizosifiwa kuwa miongoni mwa kali zaidi nchini. Zilikuwa kali kwenye karatasi.

Minara inayokwenda kukisubiri kimbunga

Vituo vya hali ya hewa vya viwanja vya ndege havikutosha. Viko mbalimbali, vinategemea umeme wa mtaa, na havikujengwa kuhimili vitu vinavyorushwa na kimbunga. Mfano wa karibuni ni wa tarehe 10 Oktoba 2018, wakati kimbunga Michael kilipopiga kaskazini mwa Florida. Kipimaupepo cha kambi ya jeshi la anga ya Tyndall kiliandika pigo la takriban kilomita 220 kwa saa, kisha kikazimika. Kilele chenyewe hakikuandikwa.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson na Chuo Kikuu cha Florida waliamua kuvifuata vimbunga ardhini. Walitengeneza minara inayokokotwa na magari, yenye vipimaupepo kwenye mita 5 na mita 10, betri zake yenyewe, na mhimili ulioundwa kuvumilia mapigo ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Timu husafiri hadi pwani kimbunga kinapokaribia, hukisia kitapita wapi, husimamisha mnara mahali pa wazi na kuondoka kabla barabara hazijafungwa. Mnara hubaki ukiandika upepo mara kumi kwa kila sekunde na kutuma muhtasari kwa watabiri kimbunga kikiwa bado kinavuma.

Mradi huohuo ulifunga vihisi vya shinikizo kwenye mapaa ya nyumba za watu waliokubali. Hivyo iliwezekana kulinganisha mfyonzo halisi kwenye kona ya paa halisi na makadirio yaliyotokana na nyumba ndogo za mfano zinazopulizwa maabara. Kanuni za ujenzi zimesimama juu ya makadirio hayo ya maabara, na ni nyumba yenyewe, ndani ya kimbunga chenyewe, inayoweza kuyathibitisha au kuyakosoa.

Chuo Kikuu cha Texas Tech kilichagua njia nyingine: vifaa vifupi vya zaidi ya mita mbili kidogo, vyepesi, vinavyosimamishwa kwa dakika chache, ili vitawanywe kwa wingi katika eneo moja. Kwa upande wake, Joshua Wurman aliingia kwenye kimbunga Fran mwaka 1996 akiwa na rada iliyobebwa na lori. Yeye na mwenzake walionyesha kuwa hewa ya karibu na ardhi hujipanga katika mikanda inayozunguka, iliyoachana kwa takriban mita 600, ikileta upepo wenye kasi hadi chini mahali pamoja na kuuzuia mahali pengine. Hilo linasaidia kueleza jambo ambalo wakazi wameliona siku zote: mtaa mmoja umevurugwa, na wa pili yake umesalimika. Vipimo vingi vilivyokaribiana vinahitajika kwa sababu upepo wenyewe haulingani.

Kulikuwa pia na kazi ya kuvipatanisha vipimo. Mark Powell na wenzake katika kitengo cha utafiti wa vimbunga cha NOAA, wakala wa Marekani wa bahari na angahewa, waliunda mfumo wa kukusanya vipimo vya ndege, maboya, meli na vituo vya ardhini, kisha kuvigeuza vyote viwe vya kimo kimoja, mazingira ya aina moja na wastani wa muda mmoja. Hapo ndipo ramani ya upepo ilipoweza kuwekwa juu ya ramani ya nyumba zilizoharibika.

Funzo la Darwin: mabati huchoka

Australia ilijifunza mapema zaidi, kwa gharama kubwa. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1974, kimbunga Tracy kiliuvunja mji wa Darwin. Watu 66 walikufa, nyumba nyingi za mji ziliharibika kiasi cha kutokalika, na zaidi ya watu 30,000 walihamishwa. Kipimaupepo cha uwanja wa ndege kiliandika kilomita 217 kwa saa kabla ya kuharibika.

Hata rekodi hiyo iliyokatika ilikuwa na thamani. Ilimwezesha mhandisi George Walker, aliyeongoza uchunguzi, kulinganisha upepo na uharibifu na kuonyesha kuwa nyumba za kawaida, ambazo hazikuwa zikifanyiwa hesabu za kihandisi kama majengo makubwa, ndizo zilizoanguka. Jingine lililobainika linamhusu kila anayeishi chini ya mabati. Bati lililoshikiliwa kwa msumari au skrubu halikung'oka kwa pigo moja kubwa. Lilipigwapigwa, likapinda na kurudi maelfu ya mara, nyufa zikaota kuzunguka tundu la msumari, kisha bati likachomoka huku msumari ukibaki kwenye mbao. Kwa hiyo kujua kasi ya juu hakutoshi. Lazima ujue pia upepo ulipiga mara ngapi, kwa nguvu gani, kwa muda gani, na habari hiyo hupatikana tu kwa kifaa kinachoandika mfululizo karibu na ardhi.

Baada ya Tracy, Darwin iliamuru mabati yajaribiwe kwa mizunguko 10,000 ya kuvutwa na kuachiwa. Mwaka 1977 kituo cha kupima majengo dhidi ya vimbunga kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha James Cook, Townsville. Siku hizi watafiti wake nao hupeleka vipimaupepo vya kubebwa kwenye miji inayokaribiwa na kimbunga, kisha hurudi mitaa ileile kukagua nyumba.

Vipimo vilipogeuzwa kuwa misumari

Florida ilianza kutumia kanuni moja ya ujenzi kwa jimbo zima mwezi Machi 2002. Mabadiliko yake mengi ni ya kawaida machoni: misumari mirefu na iliyokaribiana zaidi, vyuma vya kufunga kenchi kwenye ukuta, milango ya gereji iliyoimarishwa, vioo vinavyohimili vitu vinavyorushwa. Majaribio yameonyesha kuwa kutoka msumari wa inchi 2 hadi wa inchi 2 na nusu, na kupunguza nafasi kati ya misumari kutoka sentimita 30 hadi 15 katikati ya ubao, huongeza uwezo wa paa mara kadhaa. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya nyumba.

Mtihani ulikuja tarehe 13 Agosti 2004, kimbunga Charley kilipopiga Punta Gorda. Taasisi ya utafiti ya kampuni za bima za Marekani ililinganisha madai ya fidia ya nyumba za zamani na zile zilizojengwa chini ya kanuni zilizoimarishwa baada ya mwaka 1996. Kwa nyumba mpya, idadi ya madai ilikuwa pungufu kwa asilimia 60, na gharama ya kila dai pungufu kwa asilimia 42. Mwaka 2010 taasisi hiyo ilifungua maabara South Carolina yenye feni 105, inayoweza kuipuliza nyumba nzima ya ghorofa. Katika jaribio lililoonyeshwa hadharani, nyumba mbili zinazofanana kwa sura ziliwekwa pamoja. Iliyojengwa kwa mazoea ilianguka, iliyofungwa imara kutoka paa hadi msingi ikasimama. Feni kama hizo zina maana pale tu mapigo yake yanapofanana na ya kimbunga cha kweli, na mfano wa kuigwa hutoka kwenye rekodi zilizokusanywa ardhini.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Kwa miaka kadhaa, ukanda wa kaskazini-magharibi wa Florida ulipewa nafuu ya kisheria: ulinzi dhidi ya vitu vinavyorushwa na upepo ulitakiwa ndani ya maili moja tu kutoka pwani. Nafuu hiyo ilikuwa imekwisha kuondolewa Michael kilipofika mwaka 2018, ila nyumba zilizojengwa wakati wake zilikuwa bado zimesimama, na nyingine za zamani zaidi pia. Michael, ambacho baadaye kilithibitishwa kuwa cha daraja la 5, kilibeba upepo mkali mbali sana ndani ya nchi kavu.

Mipaka ya vipimo

Haitakuwa haki kuifanya minara kuwa dawa ya kila kitu. Ukuta wa jicho la kimbunga kidogo kama Charley ni mwembamba, na timu iliyokosea makisio kwa kilomita chache hurudi na rekodi isiyo na kilele. Minara husimamishwa mahali pa wazi, wakati nyumba nyingi ziko kati ya nyumba nyingine. Tena, vifo vingi katika vimbunga husababishwa na maji, na paa imara halimwokoi aliyekataa kuhama bahari inapopanda.

Hata hivyo, kipimo cha upepo husaidia hata pale maji yanapohusika. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, familia nyingi za pwani ya Mississippi zilikuta misingi mitupu. Bima za kawaida zililipia upepo, si mafuriko, hivyo malipo yalitegemea swali la kipi kilitangulia kuibomoa nyumba. Rekodi ya upepo ya dakika kwa dakika ni ushahidi ambao mabaki ya matofali hayawezi kuutoa.

Pingamizi zito zaidi ni kuwa tayari tunajua la kufanya: funga paa kwenye ukuta, ukuta kwenye msingi. Ni kweli. Lakini kanuni huandikwa, hupingwa na hulegezwa na watu wanaohesabu gharama. Anayetaka kuzilegeza husema upepo mkali hautafika hapa. Anayezitetea anahitaji zaidi ya kumbukumbu za wazee na picha za magofu.

Pwani yetu

Mjadala huu unatugusa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliiangukia Zanzibar, kikaangamiza meli za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu na minazi ya Unguja. Tarehe 25 Aprili 2019, wiki sita tu baada ya kimbunga Idai, kimbunga Kenneth kilipita karibu na Komoro na kupiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, si mbali na mpaka wa Mtwara. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetoa tahadhari mapema. Vimbunga ni nadra kwetu, na unadra huo ndio unaofanya kila kimoja kiwe na mengi ya kufundisha.

Hatuhitaji msafara wa malori ya rada. Tunahitaji vituo vya pwani vyenye betri zinazodumu umeme ukikatika, vipimaupepo kwenye kimo cha mita 10 mahali pasipozibwa na majengo, na rekodi za mapigo ya sekunde tatu pamoja na wastani. Kila dhoruba inapopita tunahitaji wahandisi wa vyuo vyetu waende mitaani kabla vifusi havijaondolewa, waandike bati gani lilichomoka, lilishikiliwa kwa nini, papi zilikuwa na nafasi gani, kenchi ilifungwa vipi kwenye linta, na yote hayo wayaweke kando ya kasi iliyopimwa. Kisha matokeo yamfikie fundi kwa lugha yake: ongeza misumari kwenye kingo na kona, tumia skrubu unapoweza, funga kenchi kwa chuma kilichozama kwenye zege.

Kimbunga kinapong'oa mapaa, ni rahisi kusema ni kazi ya Mungu na kuanza kujenga vilevile. Nchi zilizopunguza hasara hazikufanya hivyo. Ziliupima upepo uliofika kwenye nyumba, zikauliza nyumba hiyo iliahidiwa kuhimili nini, na zikamwajibisha aliyevunja ahadi hiyo, awe mtunga kanuni au mpiga misumari. Mwenye nyumba wa Mafia au Mtwara anastahili kuulizwa swali hilohilo kwa niaba yake, na kupewa jibu lenye nambari.